Safari ya kwanza ya meli ya kitalii: iwe fupi, na chumba kiwe na roshani

Tangu ijulikane hapa Lamu kwamba mimi na mume wangu tulikwenda Durban, Afrika Kusini, tukapanda meli ya kitalii, siachwi nikala biriani ya harusi kwa raha. Huyu kaolewa juzi, yule ana miaka ishirini na mumewe, wote wataka kwenda. Na swali la kwanza ni lile lile: meli gani iliyo kubwa zaidi?

Najua linatoka wapi. Simu zetu zimejaa video za Icon of the Seas, meli iliyoanza kuchukua abiria Miami Januari 2024, urefu wake mita 365, na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600. Ina mabwawa, ina michezo ya maji, ina bustani katikati. Ni kitu cha ajabu, sina ubishi. Lakini mume na mke wanaosafiri peke yao kwa mara ya kwanza hawahitaji mji mwingine wenye watu elfu saba. Watu tunao hapa hapa.

Ushauri wangu ni huu, na nausema kwa moyo wote: safari ya kwanza iwe fupi, mlale melini mara tatu au nne, na pesa mtakazookoa kwa kuifupisha ziende kwenye chumba chenye roshani. Ukubwa wa meli, maonyesho ya usiku, idadi ya mikahawa, hayo yote yaje baadaye.

Nianze na ufupi. Wengi wetu tunasema bahari tumeizoea, siku saba si kitu. Tumeizoea kweli, lakini kama kazi na kama njia. Unapanda boti Mokowe kwa sababu una pa kwenda. Mvuvi hutoka alfajiri kwa sababu ana nyavu. Mzee mmoja wa hapa, nahodha wa majahazi enzi zake, alipomsikia mume wangu akieleza mipango yetu aliuliza, "Shehena yenu ni nini?" Akaambiwa hakuna shehena, ni watu tu. "Na huko mwenda kufanyani?" Katika yote tuliyoulizwa, hilo ndilo lililokuwa na maana, na kila mume na mke wapate jibu lake kabla ya kulipa.

Maana siku ya baharini, ile ambayo meli haitii nanga popote, ni siku ambayo nyumba zetu hazina. Chakula kimepikwa na mtu mwingine. Kitanda kimetandikwa. Hakuna anayepiga hodi, hakuna mtoto wa ndugu wa kutumwa dukani, hakuna maziko wala posa ya kuhudhuria. Kuna watu wamezaa na kulea pamoja na hawajapata kukaa wawili kutwa nzima bila la kufanya. Wengine itawafurahisha mno. Wengine, ikifika alasiri, mmoja amenuna na mwenzake anahangaika kutafuta mtandao, nao melini ni wa kulipia tena ghali. Si aibu, ni jambo la kulijua mapema, na siku moja ya baharini yatosha kuwajulisha. Atakayeona tamu atarudi kwa safari ndefu akijua anachokifuata. Kwa hiyo ratiba ikitoka, kabla hamjaangalia picha za mabwawa, hesabuni kwanza: siku ngapi bandarini, siku ngapi baharini. Halafu kila mmoja aseme anataka zipi. Mkipishana hapo, mpishane mkiwa nyumbani.

Sasa roshani, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mawakala wengi wasipotuelewa.

Meli nyingi zina vyumba vya aina nne: cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha lisilofunguka, chenye roshani, na vile vikubwa vya wenye nazo. Wakala atakwambia chukua cha ndani, chumbani ni pa kulala tu, mchana utakuwa juu sitahani kando ya bwawa. Kwa mwanamke anayeshinda na nguo ya kuogelea maneno hayo ni sawa. Mimi ninayevaa buibui, nikiwa sitahani niko barabarani. Waliojenga nyumba za mawe za mji huu walilijua jambo hili: ukuta wa nje umefunga, ndani mna kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, mwanamke akae wazi na aione mbingu. Roshani ya melini kwangu ilikuwa kama kiwanda hicho. Nilitoka pale asubuhi kichwa wazi, nywele zikipeperuka, kikombe cha chai mkononi, mume wangu kiti cha pili, na mbele yetu maji matupu mpaka macho yanapokoma. Nimezaliwa hatua chache kutoka baharini, na upepo wa bahari kuu sikuwahi kuuhisi kichwani hivyo. Wanawake wa rika langu wanaosoma haya watanielewa. Hilo peke yake lilistahili pesa zote tulizoongeza.

Lakini si kila roshani inafaa. Kabla ya kulipa ombeni ramani ya sitaha. Tafuteni roshani ya ubavuni ambayo juu yake ina roshani nyingine inayoifunika. Zile za tezi, yaani nyuma ya meli, mara nyingi zimepangwa ngazi kwa ngazi, na aliye juu anawaona walio chini. Kizigeu cha kati yako na jirani huacha mwanya upande wa nje, kwa hiyo kiti kiwekwe ndani zaidi na mtandio uwe karibu, mtu huweza kuegemea ukingo akachungulia bila nia mbaya. Angalieni pia msije mkauziwa roshani inayotazama boti za kuokolea: huwa rahisi kidogo, nanyi mtatazama chuma.

Chumba kiwe katikati ya meli, si omo, yaani mbele, wala tezi, na sitaha ya chini kuliko ya juu, maana hapo kuyumba ni kudogo. Meli hizi zina mapezi chini ubavuni ya kuzituliza, ila pale Durban unapita mkondo wa bahari uitwao Agulhas, na upepo wa kusini magharibi ukigongana nao mawimbi huinuka. Tangawizi mchukue yenu kutoka nyumbani.

Kwa nini Durban? Kwa mwenye pasipoti ya Kenya sioni pa kuishinda kwa safari ya kwanza. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Msimu wa joto wa kule, kuanzia Novemba hadi Aprili, meli za kampuni ya MSC hutoka Durban na kupanda pwani ya Msumbiji, kuelekea Pomene au kisiwa kidogo kiitwacho Portuguese Island, karibu na kisiwa cha Inhaca. Ni safari za kulala mara tatu au nne, kipimo kile kile ninachokisema. Mtadaiwa cheti cha homa ya manjano, na chanjo huhesabiwa kuanzia siku ya 10, kwa hiyo msiende kuchanjwa wiki ya safari.

Wako wanaotaka Bahari ya Kati, wapite Barcelona, Marseille na Genoa kwa mkupuo mmoja. Nawaelewa. Lakini ombi la viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa kila mtu tangu Juni 2024, mkinyimwa hamrudishiwi, na kuna taarifa za benki na safari ya Nairobi kwenda kutoa alama za vidole. Tena meli ikigusa bandari iliyo nje ya Schengen kisha ikarudi ndani, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Hayo ni mahangaiko ya kutosha kuwagombanisha watu kabla hawajaiona meli. Iwe safari ya pili.

Msimu nao una neno. Hapa kwetu kaskazi ni wakati wa kuvinjari, na mtu hudhani ndivyo ilivyo kote. Kwenye Mlango wa Msumbiji, Januari hadi Machi ndio kilele cha vimbunga. Kimbunga Idai kiliipiga Beira Machi 2019. Nahodha akiona hatari hubadilisha njia, na masharti ya tiketi yanampa haki hiyo. Pomene na kile kisiwa pia abiria hushushwa kwa boti ndogo, bahari ikichafuka hakuna kushuka, mtapatazama kwa mbali. Mimi nachagua mwisho wa Novemba au mwanzo wa Disemba, shule za Afrika Kusini hazijafunga, bei hazijapanda na meli haijajaa watoto.

Pesa nitazipitia upesi. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja, wakiwa wawili chumbani, si ya chumba. Juu yake weka ada za bandari, kodi, bima, na malipo ya huduma ambayo kampuni nyingi hukata kwa kila mtu kwa kila siku. Zile kubwa za Marekani hukata zaidi ya dola 15. Kifurushi cha vinywaji achaneni nacho. Bei yake imewekwa kwa kuhesabu pombe, na kampuni nyingi hudai akinunua mmoja, mwenzake wa chumbani naye anunue. Chai, kahawa ya kawaida na maji kwenye mkahawa wa kujihudumia kwa kawaida vimo ndani ya nauli. Na kwa kuwa kila kitu melini huandikwa kwenye kadi ya chumba, ombeni hesabu kabla ya usiku wa mwisho, foleni ya asubuhi ya kushuka haina mwisho.

Chakula halali kiombwe mapema, kwa maandishi, wakati wa kulipia. Msingoje kufika mezani. Hata hivyo muulize kila siku: divai huingia kwenye mchuzi, jelatini huingia kwenye vitamutamu. Mabaharia na wahudumu wengi wa meli hizi ni watu wa Indonesia, na Mwislamu akimwona Mwislamu mwenzake hujua la kumwambia. Mmoja alikuwa akipita meza yetu na kutuonyesha kwa macho tu sahani ya kuiacha. Tulikula samaki sana, na sisi kwa samaki hatulalamiki, ingawa hakuna melini aliyewahi kusikia habari ya samaki wa kupaka, yule wetu wa nazi.

Sala ni nyepesi kuliko watu wanavyohofu, msafiri hupunguza rakaa na kujumuisha sala mbili kwa wakati mmoja. Taabu ni kibla. Dira ya simu hupotoshwa na chuma, na meli yenyewe hugeuka. Televisheni ya chumbani mara nyingi ina ramani inayoonyesha meli ilipo na inakoelekea, someni hapo, mkisha mkahisabu. Alfajiri nayo, mwenye roshani anaiona. Aliye chumba cha ndani anaamka gizani na kulala gizani.

Fikeni Durban siku moja kabla. Kutoka Lamu kuna boti ya kwenda Manda, ndege ya Nairobi, kisha ndege nyingine, na kiungo kimoja kikikatika chote kimekatika. Meli haimngoji mtu.

La mwisho ni gumu kuliko viza. Mkisema mnakwenda, mtapata wa kufuatana nao. Dada atauliza, mama atanyamaza kwa namna yake, na wakala atawarahisishia: chumba kimoja kina vitanda vya juu, mtu wa tatu na wa nne hulipa kidogo, mtoto mara nyingi hutozwa ada za bandari tu. Semeni hapana, na semeni wote wawili kwa sauti moja, asiachiwe mke peke yake kuwa mbaya. Wazee wapelekwe Malindi mwezi mwingine, au Zanzibar, kwa heshima zao zote. Na wakala akirudia habari ya mtoto, mwambieni mtoto ana bibi yake mtaani Langoni, na bibi ameshakubali.