Kupunguza Makali ya Sheria si Kuikana Dini

Kumbukumbu la Torati 21:18-21 inaamuru mwana mkaidi, mlafi na mlevi apigwe mawe. Nchini Uganda aya hiyo inasomwa na Wakristo wa madhehebu yote, na vilevile na Abayudaya, jamii ya Kiyahudi ya Mbale iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, lakini hakuna anayeitekeleza. Hapo wasioamini hudai kwamba waumini huchagua aya zinazowapendeza, na wenye msimamo mkali huwashutumu wafasiri kwamba wanaionea haya sheria ya Mungu.

Shutuma hii ya pili ina uzito, kwa sababu maandiko yanayopindwa na kila kizazi hupoteza mamlaka. Rabani Shimon ben Gamliel, mwalimu wa kale wa sheria ya Kiyahudi, mwenyewe alionya kwamba mahakimu wanaokwepa hukumu ya kifo wangezidisha wauaji.

Hata hivyo, wanaodhani kwamba upole huu wa wafasiri ulizaliwa juzi wamekosea. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokusanywa karibu mwaka 200, inataka baba na mama wote wawili wakubali kumshtaki mwana huyo, na hata inapima nyama na divai aliyokula na kunywa, hadi marabi wengine wakasema mwana wa namna hiyo hajawahi kuwapo. Mishna hiyohiyo inasema kwamba baraza la mahakimu linaloua mtu mmoja katika miaka 7 ni baraza la uharibifu, naye Rabi Eleazar ben Azaria akasema hata mmoja katika miaka 70.

Kwa Waislamu, Qurani 24:4 inamtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima kwa zinaa alete mashahidi wanne, na akishindwa achapwe mijeledi 80. Jambo hili halizingatiwi vya kutosha. Ukali wa sheria hapa unamgeukia mwenye ulimi mwepesi, na katika mtaa ambao uvumi mmoja unatosha kumfukuza mwanamke nyumbani kwake, aya hii inamlinda yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Anayehubiri adhabu bila kutaja mashahidi wale wanne amehubiri nusu ya sheria, tena nusu inayoumiza. Imepokewa pia kwamba Khalifa Umar alisimamisha ukataji wa mikono ya wezi mwaka wa njaa.

Wakristo wana Yohana 8, ambapo Yesu alimwokoa mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi asipigwe mawe, na Kanisa Katoliki lilitangaza mwaka 2018, chini ya Papa Francis, kwamba adhabu ya kifo haikubaliki.

Mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, Mahakama ya Juu ya Uganda iliiacha adhabu ya kifo katika sheria, ila ikaondoa ulazima wake, ili jaji asikilize kwanza mazingira ya kila aliyetiwa hatiani. Marabi, na mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walifanya kazi ya aina hiyohiyo karne nyingi kabla ya majaji wetu, na sioni kwa nini kwao iitwe woga.