Miaka 91 Iliyofutwa kwa Msasa

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazia kwamba nilikipa kisiki cha msonobari umri wa miaka 300, sina budi kusema kweli kabla haijafika 1,000. Sikusema 300; nilisema 118. Naomba tofauti hiyo izingatiwe, ingawa najua haitanisaidia sana.

Kilichoniponza hasa ni hotuba. Kabla hata sijainama kuhesabu pete, yaani ile miviringo ya ndani ya shina inayoonyesha umri wa mti, nilikuwa nimekwisha kuwaeleza wenzangu kwamba kila pete ina sehemu mbili, ile nyeupe inayoota upesi msimu unapoanza na ile nyeusi nyembamba inayofunga msimu, na kwamba zote mbili kwa pamoja ndizo mwaka mmoja. (Ikumbukeni sentensi hiyo, maana itarudi kunitafuta.) Nikawasimulia habari za Douglass, mwanafalaki wa Marekani aliyeanza kuchunguza pete za miti akitafuta ndani yake alama za madoa ya jua, na kufikia mwaka 1929 akawa anaweza kutaja mwaka ambao boriti za nyumba za kale zilikatwa. Nikamalizia na ule msonobari wa Nevada uliokatwa mwaka 1964, ambao ulipohesabiwa ulikutwa na pete zaidi ya 4,800. Baada ya namba hiyo kisiki chetu kilionekana kinyonge mno, nami nikajiona nina wajibu wa kukitafutia miaka ya heshima.

Nilihesabu kwa sauti, nikichomeka pini kila baada ya pete 10, na pini zikafika 11. Mistari ilikuwa imepangana vizuri ajabu, yote kwa nafasi moja, kiasi kwamba nilisimama na kuwafafanulia watu kuwa mti huu ulibahatika kupata mvua za kutosha miaka yote 118 bila kukosa hata msimu mmoja. Wengine waliandika. Ndiyo, ninyi mnaocheka mapema, waliandika.

Hapo ndipo mzee mmoja fundi seremala, aliyekuwa amesimama nyuma akinisikiliza kwa adabu, aliposogea na kuuliza, «Mwanangu, ni mti gani huu ambao haukuonja kiangazi hata mara moja?» Nilimjibu kwa tabasamu la mtaalamu. Hakubishana nami. Alipiga goti taratibu, akafuata mstari mmoja kwa ncha ya kidole kutoka ukingoni mwa gome, akapita nao kando ya kiini, akaenda nao hadi ukatokea kwenye gome la upande wa pili. «Na hii ni pete gani isiyofunga?»

Nilianza kuhisi joto masikioni.

Alichomoa pini zangu moja baada ya nyingine, akawa ananiwekea kiganjani kama mtu anayerudisha chenji, kisha akatoa kipande cha msasa mfukoni. Alipopitisha mara ya kwanza, likatoka vumbi la rangi ya maziwa, na takriban miaka 20 ikaondoka nalo. Alipopitisha mara ya pili, zile mvua zangu za miongo yote zikafutika. Nilisimama pale, pini zikinichoma kiganja, nikitazama karne nzima ikipeperuka na kutua juu ya viatu vyangu, hadi nikaelewa nilichokuwa nimekihesabu: mikwaruzo ya meno ya msumeno wa mnyororo. Pete zenyewe, zilizokuwa zimejificha chini yake, zilijitokeza polepole zikikizunguka kiini, nyingine pana, nyingine zimebanana kama uzi, tena zikiwa na kiangazi chake waziwazi. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Kwa kutaka kuokoa jahazi, nilidaka kioo cha kukuza, nikahesabu upya na kutangaza 54. Mzee akanikumbusha kwa upole kwamba nyeupe na nyeusi nilisema mwenyewe ni mwaka mmoja. Basi zikawa 27. Nikadai tuongeze mwaka mmoja au miwili ambayo mche ulitumia kufikia urefu wa kisiki, jambo ambalo ni sahihi kabisa kitaalamu, lakini nadhani hapakuwa na mtu aliyekuwa bado ananisikiliza. Tukaondoka, rafiki yangu akiwa mbele, simu mkononi, na mengine mmeyapata kwake.

Mzee alizirudisha pini mbili mahali pake, moja kwenye pete ya 10 na nyingine kwenye ya 20. Tisa zilizobaki zimo bado kwenye mfuko wa shati nililolivaa siku ile, na mojawapo imenichoma sasa hivi nikiandika sentensi hii.