Ukumbi wa mtaani ulipokufa, harusi nazo zilihama

Nina picha ya harusi ya shangazi yangu iliyopigwa mwaka 1986. Maharusi wamesimama nyuma ya keki ya ngazi tatu, shangazi kashika kisu, mumewe kamshika mkono, wote wawili wamekodoa macho kwa sababu mpiga picha kawaambia wasipepese. Picha yenyewe imeshaanza kugeuka rangi ya chai. Lakini kila nikiifungua albamu, mimi siwatazami maharusi. Natazama nyuma yao: kipande cha ukuta wa matofali ya matundu, kona ya jukwaa, na nusu ya dramu kubwa ya bendi, jina lake limezibwa na bega la bwana harusi. Huo ndio ukumbi wetu. Zaidi ya kipande hicho, sijui kama kuna kingine kilichobaki.

Kwetu Magomeni, Dar es Salaam, tuliuita Ukumbini, basi. Ukisema unakwenda Ukumbini hakuna aliyekuuliza upi. Nusu yake ilikuwa na paa la bati, upande wa jukwaani, na nusu nyingine ilikuwa wazi. Mvua ikishuka watu walibanana wote chini ya bati na bendi iliendelea kupiga, na wazee walisema muziki wa siku hizo ulikuwa mtamu kuliko siku nyingine zote. Asubuhi vijana walifanya karate pale. Mchana akina mama wa UWT, umoja wa wanawake, walijifunza kushona. Kuna Jumamosi zilikuwa za ndondi, na Jumatatu mtu alimwaga maji, akasugua sakafu ile nyekundu ya saruji hadi inang'aa, ikawa tayari kwa kikao cha wazazi wa shule ya msingi.

Sisi watoto tulikuwa na njia yetu, nayo ni chabo, yaani kuchungulia. Yale matofali ya matundu yalijengwa ili upepo upite, lakini kila tundu la chini lilikuwa na mwenyewe. Langu lilikuwa la tatu kutoka mlango wa jikoni, mahali ambapo moshi wa mishikaki ulikuwa unaniwasha macho. Kwa kimo cha tundu lile sikuona uso wa mtu hata mmoja. Niliona miguu. Nikawajua watu wazima wa mtaa wetu kwa viatu vyao: fundi cherehani aliyekuwa bado na raizoni zake, vile viatu vya soli nene, wakati watu wote wameshaziacha, mwalimu wangu wa hesabu aliyevaa viatu vyeupe visivyoonekana darasani hata siku moja, na mama mmoja muuza vitumbua ambaye nyimbo ikifika kwenye sebene alivua kandambili, akaziweka pembeni vizuri zikiwa pamoja, akaingia kucheza pekupeku. Mwanamke yule alikuwa na watoto sita na siku nzima anakaa mbele ya moto. Pale sakafuni visigino vyake vilikuwa vyepesi kama vya msichana. Nimeshaona wachezaji wengi wenye majina tangu hapo, na bado yeye ndiye ninayemkumbuka.

Jiji zima wakati ule lilikuwa na ramani yake ya dansi. DDC Kariakoo palikuwa kwa Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978 na kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983. Kulikuwa na DDC Magomeni Kondoa, kulikuwa na Amana Ilala, kulikuwa na Lang'ata Kinondoni walikotamba bendi ya Maquis, na Ukumbi wa Vijana hukohuko Kinondoni. Msondo, bendi hasimu ya Sikinde, walikuwa na wenyewe, Sikinde walikuwa na wenyewe, na mashabiki wa pande hizo mbili waliweza kunyimana chumvi. Marehemu Muhidin Maalim Gurumo aliimba kote kuwili kwa nyakati tofauti, na bado nasikia watu wakibishana ni wapi sauti yake ilikaa vizuri zaidi. Mimi nasema Sikinde, na sibadilishi.

Jambo ambalo vijana wa leo hawalijui ni kwamba bendi zile nyingi zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na ndiyo iliyopita kwenye jina la JUWATA na OTTU hadi ikawa Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Vyombo vilikuwa mali ya shirika na mwanamuziki alilipwa mshahara. Kwa hiyo ukumbi haukuwa lazima utengeneze faida kila usiku ndipo muziki upigwe. Mashirika yalipoanza kubinafsishwa miaka ya 1990, ule mti uliokuwa unabeba bendi ulikatwa, na bendi zikaanza kuhangaika na kiingilio cha getini peke yake.

Mwaka 1994 televisheni ikaingia Tanzania Bara, redio binafsi nazo zikaanza, na mtu akawa anaweza kukaa sebuleni kwake akaona wanamuziki wa dunia nzima. Hilo lilichangia. Lakini naamini kilichoziua kumbi zetu hasa ni ardhi. Ukumbi hukaa bure siku tano na kulipa siku mbili. Kiwanja hichohicho ukikijenga fremu ishirini, kila fremu inalipa, tena kodi ya miezi sita mbele. Mwenye kiwanja akipiga hesabu hiyo, kumbukumbu za mtaa hazimo. Ukumbi wetu ulivunjwa kwa muda wa wiki moja. Leo pale kuna maduka ya vipuri vya pikipiki, mabomba na jipsamu, na simlaumu mpangaji hata mmoja kati yao, kwa kuwa wanatafuta riziki kama sisi.

Turudi kwenye harusi ya shangazi, maana ndiyo iliyonisukuma kuandika. Ilikuwa miaka ya shida. Sukari ilikuwa ya kutafutwa, na kreti za soda na bia zilipatikana kwa kibali. Baba na ndugu zake walizunguka wiki nzima na makaratasi. Pilau lilipikwa uani kwetu, masufuria yakapandishwa kwenye mkokoteni, na mkokoteni ukasukumwa hadi Ukumbini huku watoto tukiufuata nyuma kwa ajili ya harufu. Hatua mia mbili hazifiki. Sahani zilikuwa za ukumbini, na zilipopungua wanawake walikimbia nyumbani kuleta zao, kila moja imewekwa alama ya rangi ya kucha chini yake ili isipotee. Mlangoni alikaa mjomba, na orodha ya wageni ilikuwa kichwani mwake. Kadi za mwaliko zilichapwa, ndiyo, lakini mjomba hakumuomba mtu wa mtaa kadi. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye miguu ilishamshinda, alibebwa na kiti chake, akawekwa karibu na jukwaa, akala, akatuza, akarudishwa kwake kabla ya saa nne. Angekuwa hai leo asingefika kwenye harusi ya mjukuu wake mwenyewe bila gari.

Siku hizi harusi ya mtoto wa jirani inafanyika ukumbi ulio kilomita kumi na tano kutoka mtaani. Kamati inaundwa miezi minne kabla, ina mwenyekiti na mweka hazina, na kundi la WhatsApp linafunguliwa. Unawekwa humo bila kuulizwa. Orodha ya waliolipa inapandishwa kila jioni, jina lako lipo na mbele yake hakuna kitu. Kuna kiwango cha kadi ya singo na kiwango cha kadi ya dabo, na mlangoni anasimama kijana mwenye suti ambaye hakujui, anachanganua kadi yako kwa simu. Ukiwa huna, hata kama ndiye uliyemfundisha bibi harusi kutembea, unabaki nje. Na kabla ya hapo kulikuwa na kichen pati, na baada ya hapo kulikuwa na sendofu, na kila moja ina ukumbi wake na mchango wake. Mwezi mmoja mtu unaweza kuwa kwenye kamati nne, mshahara unagawanywa kabla haujaingia.

Siwasemi vibaya wanaofanya hivyo. Nimewahi kuwa mweka hazina wa kamati moja na nilidai watu michango usiku wa manane kwa sababu ukumbi ulitaka malipo yote wiki mbili kabla. Naelewa pia hamu ya kumpa mtoto wako siku yenye mapambo, kiyoyozi na maegesho. Lakini ukumbi ulipotoka mtaani, jirani aligeuka kuwa mchangiaji. Zamani alichangia mkono wake: alimenya vitunguu, alileta sahani, alisukuma mkokoteni. Sasa mkono wake hauna kazi, kinachohitajika ni pesa yake. Asiyekuwa nayo anakaa kimya kwenye kundi, na baada ya harusi anapishana na wewe njiani akiwa na aibu ambayo hakustahili kuibeba.

Tena watu hawaachi kusherehekea kwa sababu ukumbi umevunjwa. Sherehe inatoka nje. Tazama vigodoro: muziki unafungwa katikati ya njia usiku kucha, maspika yanatikisa madirisha ya wagonjwa na watoto wachanga, kisha asubuhi tunalalamika kwamba vijana hawana adabu. Wengi wa vijana wale hawajawahi kuingia kwenye ukumbi wenye mlango, saa ya kufunga, na mjomba wa kumwambia mtu sasa inatosha. Tazama vibanda umiza, watu mia ndani ya chumba cha mabati wakitazama mpira, joto linawapika. Hao ni watu wanaotafuta mahali pa kuwa pamoja kwa bei wanayoiweza.

Kwa watoto ilikuwa disko toto. Sikukuu ya Idi au Krismasi, mchana, ukumbi ulikuwa wao: nguo mpya, soda, keki ya kugawana, na mama mmoja mlangoni anayehesabu vichwa. Halafu ikaja Idi ya Oktoba 2008 kule Tabora, ambapo watoto 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana kwenye disko toto lililojaza ukumbi kupita kiasi. Siwezi kuandika sentensi hiyo haraka. Tangu hapo sikukuu zikikaribia polisi hutangaza kwamba disko toto ni marufuku, na mzazi yeyote anaelewa sababu. Lakini nikikumbuka ukumbi wetu wenye nusu isiyo na paa na ukuta uliojaa matundu ya upepo, naona kwamba waliojenga zamani walikuwa wameshafikiri juu ya hewa. Tungeweza kudai kumbi za namna hiyo, na mlango wa pili, na idadi isiyozidishwa. Badala yake watoto wetu sikukuu wanapelekwa kutembea kwenye maduka makubwa, kutazama vitu ambavyo hatutanunua.

Pale Mnazi Mmoja liko jengo la Arnautoglou, ambalo sisi tulilitamka Anatoglo, lenye jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, George Arnautoglou. Ndani yake, mwaka 1953, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na mwaka uliofuata TAA ikazaa TANU, chama kilichodai uhuru. Ukumbi huohuo umechezewa dansi na kufungiwa harusi zisizohesabika. Nadhani haikuwa bahati tu kwamba siasa ya uhuru na dansi vililala chumba kimoja. Watu huzoeana kwanza, ndipo waweze kukubaliana jambo.

Basi ombi langu ni dogo na lina anwani. Manispaa zinajenga ofisi za kata, zahanati, madarasa. Kila ofisi ya kata inayojengwa upya iwekewe ukumbi chini: paa, jukwaa la saruji, vyoo, milango miwili, ukuta wa matundu. Bei ya kuukodi iwe ile ambayo muuza vitumbua anaweza kuilipa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi hivyohivyo vinafanya vikao vyao chini ya mwembe au kwenye baa kwa kulazimishwa kununua soda. Wapewe mahali pa kukaa. Jumamosi wawaachie maharusi.

Na kwa wenzangu wa Magomeni, Ilala, Temeke na Kinondoni: tuna albamu majumbani, zimefunikwa vitambaa. Hakuna aliyewahi kupiga picha ya ukumbi mtupu, sote tulipiga picha za watu. Kama shangazi yako, mama yako au dada yako aliolewa miaka ile, fungua albamu utazame nyuma ya keki. Angalia kama kuna ukuta wa matundu, sakafu nyekundu, na dramu ambayo jina lake linasomeka lote. Miaka thelathini na zaidi natafuta ile nusu ya pili.