Maria kwa Elisabeti: kumtembelea ndugu ni ibada?

Kila Mei 31 Wakatoliki huadhimisha safari ya Maria kwenda kwa Elisabeti, na mahubiri mengi hupita njia moja: binti mjamzito alipanda milima ya Yuda akamhudumie jamaa yake mzee, nasi tufanye vivyo hivyo. Fundisho zuri, ila Luka hakuandika hayo. Anasema Maria alikwenda kwa haraka, akamsalimu Elisabeti, akakaa naye kama miezi mitatu. Kuteka maji, kupika na kufua tumeongeza sisi. Tena anataja kurudi kwa Maria kabla ya kusimulia kujifungua kwa Elisabeti, kwa hiyo hata habari ya kumuuguza mzazi si ya kuapia.

Kinachosimuliwa kwa kirefu ni kuonana. Mtoto anaruka tumboni, Elisabeti anajazwa Roho Mtakatifu, Maria anamwimbia Mungu sifa. Kazi za nyumbani hazina hata mstari.

Wasiotaka undugu utukuzwe nao wana maandiko yao. Yesu alipoambiwa mama yake na ndugu zake wako nje wanamtafuta, aliwatazama waliomzunguka akasema hao ndio mama na ndugu zake. Luka 14 inakaza zaidi: ukiandaa karamu usiwaite ndugu wala jamaa, wasije wakakualika nao ukawa umelipwa, waite maskini, vilema, viwete na vipofu. Mstari huo unatugusa sana sisi tunaotembeleana kwa zamu huku tukikumbuka nani alileta nini.

Lakini akiushika mtu anayekesha kanisani huku mama yake hana dawa, Marko 7 inamsubiri. Humo Yesu anawakemea walioruhusu mali itangazwe Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wazazi wakakosa msaada. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu kisingizio cha dini hakina wa kukihoji nyumbani.

Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, ni mkali pia: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Hata hivyo sura hiyo inazungumzia hasa wajane, wazazi na wazee; si kila binamu anayepiga simu mwisho wa mwezi. Na sababu yake, mstari wa 16, husomwa mara chache: waumini wawatunze wajane wao ili kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wale wasio na mtu.