Mchezaji wa Nusu Pointi

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Nimetumiwa na shangazi, nimetumiwa na mtu niliyesoma naye, na juzi ikaingia kwenye grupu la mtaa. Ni vipande vya fainali ya raga ya viti mwendo, Paralimpiki ya Paris: viti vinagongana, mchezaji mmoja anapinduka na kiti chake, watu wanaingia kumwinua. Juu yake kumewekwa kinanda cha majonzi na maandishi makubwa meupe: “Na wewe bado unalalamika? Mshukuru Mungu kwa ulichonacho.” Jina la timu halimo. Matokeo hayamo. Aliyepinduka hatajwi hata jina.

Imeniudhi sana, na hasira yangu si kwa shangazi. Yeye alituma kwa nia njema, na kumshukuru Mungu hakujawahi kuwa kosa. Ninayemlaumu ni aliyeikatakata mechi ile akatuondolea mechi yenyewe. Ile ilikuwa fainali, jamani! Tarehe 2 Septemba 2024, ukumbi wa Champ-de-Mars, Japani 48, Marekani 41. Japani walikuwa wametolewa nusu fainali mara mbili mfululizo: Rio 2016 na Australia, kisha Tokyo na Waingereza, tena wakiwa kwao. Mara zote mbili waliambulia shaba. Paris wakakutana na Australia kwenye nusu fainali, mechi ikaingia muda wa ziada, wakapita kwa bao moja, 52 kwa 51. Timu iliyouguza kidonda kwa miaka minane inachukua dhahabu yake ya kwanza, halafu sisi tunaletewa dakika moja ya kuwahurumia. Shabiki yeyote wa Simba au Yanga anajua maumivu ya kutolewa ukiwa umebakisha hatua moja. Angeielewa habari hii bila kinanda.

Lakini lililonisukuma kuandika ni jingine. Mchezo huu ukiutazama kwa huruma, mtu muhimu kuliko wote uwanjani humwoni. Ukiutazama kwa kuhesabu mabao, humwoni vilevile. Huyo ndiye mchezaji wa nusu pointi.

Kila mchezaji wa raga hii hupimwa na kupewa pointi kwa kadiri mikono, mabega na kiwiliwili chake vinavyoweza kufanya kazi, kuanzia 0.5 mpaka 3.5. Wanne wanaoingia uwanjani hawaruhusiwi kuzidi pointi 8.0 kwa jumla. Wanaume na wanawake hucheza pamoja, na timu inayomwingiza mwanamke huongezewa nusu pointi. Maana yake hakuna kocha anayeweza kujaza uwanja watu wenye nguvu tu. Akitaka mtu wa 3.5 na mwingine wa 3.0 wacheze pamoja, lazima awe na wa 0.5 au wa 1.0 anaowaamini kabisa.

Sasa mtazame huyo wa 0.5. Kwa kawaida ni mtu aliyevunjika shingo. Vidole havikunji. Misuli ya kunyoosha kiwiko haifanyi kazi, kwa hiyo gurudumu halisukumi kwa kulisogeza mbele na chini kama tungefanya mimi na wewe. Hulivutia juu kutoka nyuma, kwa ule msuli wa kukunja mkono uliobaki mzima. Glavu zenye gundi hukamata kile ambacho vidole haviwezi. Tumbo na kifua havimsimamishi, mikanda ndiyo inayomweka kitini. Wengi wao hawatoki hata jasho chini ya pale uti wa mgongo ulipoumia, ndiyo maana kila mchezo ukisimama unaona wanapuliziwa maji ya baridi. Mwili unachemka na hauna njia ya kujipoza. Katika hali hiyo anaingia uwanjani, anamwona mtu wa 3.5 anakuja kwa kasi yote, na yeye anakwenda kumkinga njia.

Viti vyenyewe vinakwambia nani ana kazi gani. Kiti cha mshambuliaji ni cha mviringo mbele, kina mabawa pembeni, kimekusudiwa kuteleza kila kinapoguswa. Kiti cha mzuiaji kina chuma kirefu kinachochomoza mbele, nacho ni cha kunasia. Mzuiaji anakiingiza chuma hicho kwenye kiti cha mpinzani, anageuza kiti chake kidogo, na yule mwenye mikono yenye nguvu hatoki tena. Anarudi nyuma, hatoki. Anazunguka, hatoki. Kugongana viti ni halali, kushikana miili ni kosa, na kumgonga mtu nyuma ya mhimili wa gurudumu kubwa hadi akazungushwa ni kosa pia, kwa hiyo kunasa kwenyewe kunataka kipimo cha hali ya juu. Akichelewa kidogo, mtu amepita. Akiwahi vibaya, anakwenda kukaa nje kwa adhabu na wenzake wanabaki watatu.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Timu mbili zina pointi 8.0 kila moja. Wa 0.5 wa kwetu amemnasa wa 3.5 wa kwao. Sisi tumebaki na watu watatu wenye pointi 7.5. Wao wamebaki na watatu wenye 4.5. Bao hilo limeshafungwa kabla mpira haujarushwa! Anayeuvusha mstari sekunde tatu baadaye, mpira ukiwa mapajani, ndiye kamera inayemfuata, na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye karatasi ya mabao. Mtu wa nusu pointi amekaa kule nyuma, bado amemng'ang'ania nyota wa wapinzani, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Kwa Japani mmoja wao ni Kae Kurahashi. Aliumia uti wa mgongo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kwenye mazoezi ya trampolini. Pointi zake ni 0.5, na ni mwanamke, kwa hiyo akiingia yeye kikomo cha timu kinakuwa 8.5. Muweke Katsuya Hashimoto wa 3.5, muweke Daisuke Ikezaki wa 3.0, muweke Kurahashi, na bado una nafasi ya mtu wa 1.5. Angekuwa ni mwanaume wa 0.5, huyo wa nne asingezidi 1.0. Tofauti ya nusu pointi ni mtu mwenye kiwiko kinachonyooka vizuri zaidi, mtu anayeweza kupokea pasi ngumu. Sikuikuta habari hiyo kwenye taarifa yoyote ya Kiswahili niliyosoma baada ya fainali. Nilikuta “wanatufundisha kutokata tamaa.” Kurahashi hakwenda Paris kutufundisha chochote. Alikwenda kuzuia.

Wapenzi wa mpira watanielewa nikimtaja Claude Makelele, mtoto wa Kinshasa. Real Madrid walimwachia aende Chelsea mwaka 2003 kwa kuona kwamba wanaofunga ndio timu, na ubingwa wa Hispania haukurudi kwao mpaka 2007. Kila kijiwe cha kahawa kilijadili kosa lile kwa miaka. Basi kijiwe hichohicho kina uwezo kamili wa kumjadili mzuiaji wa 0.5. Macho tunayo. Tunayafumba tukiona kiti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wafungaji nao wanastahili sifa zao. Ryley Batt wa Australia, aliyezaliwa bila miguu na akacheza Paralimpiki yake ya kwanza Athens 2004 akiwa na miaka 15, ni mtu wa kulipia tiketi kumwona. Huwezi kumtazama akikata kona na kiti kile ukabaki umekaa. Nakubali pia kwamba upimaji wa pointi una malalamiko yake kila mwaka, na mengine ni ya haki.

Nilimwonyesha binamu yangu mechi nzima ya fainali ile, bila kukata. Binamu alianguka kutoka kwenye mkarafuu kule Pemba, msimu wa mavuno, akavunjika shingo. Tangu hapo anakaa chumba cha mbele, na kila mgeni akiingia anasema naye kwa sauti ya kubembeleza mtoto, kisha anageuka kumwuliza mama mtu, “Anakula vizuri?” Binamu alikuwa winga. Anajua mpira kuliko wote wanaokuja kumpa pole. Nikaweka simu juu ya mto, akatazama robo ya kwanza kimya. Robo ya pili akaniambia, “Rudisha hapo.” Nikadhani anataka kuona bao tena. “Siyo bao. Huyu wa pembeni. Mkono wake kama wangu.” Tukarudisha tena na tena, akanieleza kwa nini yule bwana alianza kugeuza kiti kabla ya mpinzani kufika: ili amlazimishe aende kwenye mstari wa pembeni. Mimi sikuwa nimeliona hilo. Jioni hiyo mama yake alipoleta chai alimkuta anabishana nami juu ya ulinzi, sauti juu, kama zamani.

Kwa hiyo usiniambie kwamba zile video za kinanda hazina madhara. Zinamfikia na yeye. Zinamwambia kwamba watu wenye mwili kama wake wapo ili wengine wajione wana bahati.

Na hapa kwetu watu hawa ni wengi. Kuna walioanguka minazini na mikarafuuni, walioangukiwa na vifusi machimboni, na bodaboda kila wiki inaongeza wengine. Nairobi kuna hospitali nzima ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, na wodi za MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar, zinajua habari hii. Kikapu cha viti mwendo tunacho, Tanzania na Kenya, na nakipenda, lakini kikapu kinataka mkono unaoweza kuushika mpira na kuurusha juu. Aliyevunjika shingo anaachwa benchi. Raga hii ilibuniwa Winnipeg, Kanada, katika miaka ya 1970, na wachezaji wenyewe waliokuwa wamechoka kukaa benchi hilo. Ikaonyeshwa Atlanta 1996, ikawa mchezo rasmi wa medali Sydney 2000. Tangu wakati huo hakuna timu hata moja ya Afrika iliyocheza Paralimpiki katika mchezo huu. Afrika Kusini wanaucheza, ila hawajafika huko. Hapa kwetu bado sijauona ukichezwa.

Najua jibu litakalokuja: fedha. Kiti kimoja cha mchezo huu ni maelfu ya dola, sibishi. Lakini uwanja ni uleule wa kikapu, mita 28 kwa 15. Mpira ni wa aina ya voliboli. Wachezaji wanne tu kila upande. Na fedha zina macho mabaya kwa mchezo huu hata kwa matajiri: Waingereza walimaliza wa tano Rio 2016, chombo chao cha kufadhili michezo kikawafutia bajeti yote, wakaanza kuhangaika kutafuta wafadhili. Tokyo wakaifunga Marekani 54 kwa 49 na kuchukua dhahabu, na Kylie Grimes akawa mwanamke wa kwanza kushinda dhahabu ya mchezo huu. Waliowafutia bajeti walikuwa na jedwali la medali mbele yao na hawakuona kilichokuwa kinajengwa. Sisi tusianze kwa jedwali. Tuanze kwa watu wanane na ukumbi.

Nimeanza kuongea na fundi mmoja wa kuchomelea. Anasema vyuma vya mbele na vikinga vya magurudumu anaweza kuvitengeneza akipata kiti chenye fremu imara cha kuanzia. Viti vile vipana vya hospitali havifai, vinajikunja kwa mgongano wa kwanza. Tunahitaji fremu mbili za kujaribia. Tunahitaji mtaalamu wa viungo anayejua majeraha ya shingo, wa kutuambia nani anaweza kugongwa na nani bado, maana kwa hili hakuna kubahatisha. Na tunahitaji ukumbi wenye sakafu ngumu iliyo sawa, mlango unaopitisha kiti, na choo ambacho mtu wa kiti anaweza kukiingia. Ukiwa na kimojawapo, uwe Unguja, Pemba, Tanga au Dar, niandikie. Binamu yangu ameshachagua nafasi anayotaka kucheza.