Dodoki Liacheni Bafuni

Juzi kwenye daladala ya Igoma, mama mmoja aliutazama mkono wa mdogo wangu, akabeba kikapu chake akahamia nyuma. Konda naye akapokea nauli kwa ncha za kucha. Haya, asanteni.

Ni vitiligo, ugonjwa unaoondoa rangi ya ngozi na kuacha mabaka meupe. Haiambukizi, si laana, wala haitokani na kuchanganya samaki na maziwa. Ingekuwa hivyo, sisi wala samaki wa Kirumba, Mwanza, sote tungekuwa na mabaka.

Ila wanaonichosha kabisa ni mafundi wa kusugua. Shangazi kaja na limao na dodoki, jirani kaja na kitunguu saumu. Jamani, rangi haijafunikwa na uchafu, imeuawa! Seli T, askari wa mwili wake mwenyewe, zimezigeukia melanosaiti, yaani seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na kuziua. Na ngozi nayo inachochea: seli T zikimwaga intaferoni gama, kemikali yao ya kutoa taarifa, seli za tabaka la juu la ngozi zinaitikia kwa kutoa kemokini, kemikali za kuita askari, mithili ya mtu aliyepiga yowe la mwizi pale mwaloni. Askari wengine wanamiminika palepale. Sasa katikati ya vurugu hiyo wewe unaleta dodoki uchubue! Ngozi ya mwenye vitiligo ikijeruhiwa, baka jipya huweza kuota penye jeraha. Njooni muone kiwiko chake: mstari mweupe, mrefu, umefuata mchubuko wa shangazi.

Haya, nakubali, baka linaweza kuwa ukoma, kwa hiyo mtu apimwe. Lakini la ukoma kwa kawaida hufa ganzi. La mdogo wangu lichome na mwiba wa sato uone utakavyotukanwa.

Marekani waliidhinisha krimu ya ruksolitinibu kwa ajili ya vitiligo mwaka 2022, ambayo huzima ule mwitikio wa intaferoni ndani ya seli. Dawa ikiachwa, mara nyingi baka hurudi palepale, maana baadhi ya seli T huwa zimeshapiga kambi ngozini.

Mdogo wangu anapaka dawa nyingine aliyoandikiwa kliniki, na huu ni mwezi wa tano tangu aanze. Jana jioni tukianua dagaa akaninyooshea mkono: "Dada, hebu angalia." Vidoti vya kahawia, kila kimoja kimezunguka kinyweleo chake, kwa kuwa seli changa za rangi hujificha kwenye mashina ya nywele. Tukavihesabu, kumi na kimoja. Ncha za vidole bado nyeupe. Huko hakuna vinyweleo.