Mdogo wangu, una ushahidi?

Novemba 2018 Rais Magufuli alipanda Mlimani kufungua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyojengwa kwa msaada wa China. Mhadhiri mmoja wa hapohapo, Dk. Vicensia Shule, akamwandikia Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni. Ungedhani wakubwa wangeanza kuulizana ni idara gani, ni nani, tangu lini. Haukupita muda, aliyeitwa mbele ya kamati kujieleza akawa ni yeye.

Sikushangaa. Swali la ushahidi nililikuta miaka kadhaa kabla ya hapo, kwenye chuo nilichosoma mimi, ambacho sikitaji.

Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alikuwa mwaka wa pili. Mwalimu wake mmoja alimwambia kosweki yake, yaani alama za kazi na majaribio ya muhula, ni mbaya, apite ofisini saa moja jioni waiangalie. Saa moja jioni! Akaniomba nimsindikize. Mwalimu alipotuona wawili mlangoni alicheka, akasema ana kikao. Juma lililofuata akamwita tena, safari hii akamwambia waziwazi kwamba kuna watu wanajua kujiongeza na kuna wanaopenda kusapu, yaani kurudia mtihani. Yeye hakujiongeza. Matokeo yalipotoka, somo hilo pekee lilikuwa na sapu.

Akaenda kushtaki. Mama aliyempokea hakuwa mtu mbaya, alimkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: “Mdogo wangu, una ushahidi?”

Alete ushahidi gani? Maneno yalisemwa ndani ya ofisi iliyofungwa. Karatasi za majaribio mawili aliyofanya hazikuwahi kurudishwa darasani, zilikuwa kwenye kabati la huyohuyo anayelalamikiwa. Chuo kilikuwa na uwezo wa kwenda kwenye lile kabati asubuhi ile, kuchukua karatasi na kumpa mwalimu mwingine asahihishe. Ingechukua nusu saa. Hakuna aliyekwenda, na kwa kweli sidhani kama wazo lenyewe lilimjia mtu. Binti wa miaka 21 ndiye aliyetakiwa kutafuta uthibitisho ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mshtakiwa.

Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema mwenye mamlaka akidai ngono ili atoe haki au upendeleo ametenda kosa, na adhabu iliyowekwa mwaka huo ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Kudai tu kunatosha, si lazima yafike mbali. Lakini kudai kunathibitishwaje? Kwa kawaida ni kwa mtego. TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, wanajipanga, na mwanafunzi anakwenda gesti kukutana na mtu yuleyule anayemkimbia, akiomba Mungu maofisa wasichelewe foleni. Nawaheshimu sana wasichana waliokubali kufanya hivyo. Lakini kuutegemea ujasiri wao kama ndiyo njia ya kawaida ya kupata haki ni aibu yetu.

Na mwaka 2024, muswada wa kurekebisha sheria hiyo ulipofika bungeni, ukawa na kipengele cha kumtia hatiani hata anayetoa rushwa ya ngono. Watetezi wa haki za wanawake walikipinga, nami nilikuwa upande wao. Aliyeuliza kwa nini wasichana hawasemi angepata jibu pale: akisema, naye ana kesi.

Najua nitaambiwa wapo wasichana wanaowafuata walimu wenyewe. Wapo, sibishi. Mwalimu anayefuatwa bado ndiye mwenye kalamu nyekundu, akatae, amwandikie mkuu wa idara, aendelee kusahihisha. Mjadala huu huwa unanichosha kwa sababu kila ukianza tunaishia kwenye urefu wa sketi.

Siku hizi vyuo vina madawati ya jinsia. Ni hatua, ingawa mara nyingi anayekaa kwenye dawati hilo ni mfanyakazi mwenza wa mtuhumiwa, wanakunywa chai pamoja saa nne. Mimi ningeanzia kwenye alama, kwa sababu ndiko biashara hii ilipo. Mtihani wa mwisho angalau una namba badala ya majina, na una mtahini wa nje. Kosweki, ambayo kwenye vyuo vingi ni alama 40 kati ya 100, mara nyingi iko mikononi mwa mtu mmoja anayeyajua majina na sura. Karatasi zirudishwe. Alama zibandikwe kabla watu hawajaingia UE, yaani huo mtihani wa mwisho, si baada. Mwanafunzi akiomba usahihishaji wa pili apewe bila kuulizwa ana ugomvi gani na mwalimu. Anayeandika tasnifu aruhusiwe kubadili msimamizi bila kutoa maelezo ya kurasa tatu kwa rafiki wa msimamizi huyo. Haya hayahitaji bunge, seneti ya chuo inayamaliza kwa kikao kimoja.

Mwenzangu alirudi Septemba, akafanya sapu, akafaulu. Siku ya mahafali tulikaa safu moja. Maandamano ya wanataaluma yalipoingia, mbele bendi, nyuma majoho, mwalimu yule naye alikuwamo, ametoka vizuri kabisa na kofia yake ya pembe nne. MC akatuomba tusimame kwa heshima. Tukasimama.